Kilindo Chenye Kiuno

Sehemu hii Msafiri aliisimulia akiwa ameugeukia ukuta. Aliomba jambo moja tu: tusimpunguzie hata neno. Tumemtimizia.

Anayekutana naye leo kwa mara ya kwanza ajue haya. Msafiri alikuwa Mrangi wa Kondoa, mpagazi aliyekosa mizigo ya kubeba baada ya gari la moshi kufika Dodoma. Alimwoa Mwajabu, binti wa Mzee Khamisi, mfuga nyuki. Asali ya mzee huyo ilitiwa katika vilindo, yaani vyombo vya gome la mti vilivyoshonwa na kufunikwa. Wenye vilindo walikuwa wengi. Lakini vya Mzee Khamisi vilibanwa katikati, vikawa na kiuno, na hakuna mwingine aliyevibana hivyo. Watu wasiojua kusoma walikishika kiuno kile, wakanunua bila kufungua kifuniko.

Mzee Khamisi alipogombana na Mustapha, mwenye duka karibu na stesheni, na kuacha kumwuzia asali, Mustapha alimwendea mkwe wa mzee. Msafiri alitaka kumjengea mkewe nyumba Dodoma, na nyumba ilikuwa imeishia nusu ya paa. Akachonga kalibu ya mti ya kubania gome. Akajificha Nzuguni, akatengeneza vilindo arobaini vyenye kiuno kama kile. Ndani alitia uji wa uwele uliochanganywa na sukari guru. Juu aliweka asali, unene wa kidole kimoja.

Mustapha akaviuza. Hapo ndipo tulipokomea.

Uji ndio uliomwumbua.

Msafiri alijua kwamba uji wa uwele ukikaa huumuka. Hakuna nyumba ya nyanda zile isiyojua hilo. Ndivyo pombe inavyoanza. Lakini uji aliouzoea ulikaa mtungini, mdomo wazi. Hakuwahi kuona uji uliozibwa kwa nta ndani ya gome, ukafungiwa katika behewa la chuma, ukapikwa na jua siku mbili.

Vilindo kumi na viwili vilipasuka njiani kwenda Dar es Salaam, kimoja baada ya kingine, kwa mlio kama wa bunduki. Mlinzi wa behewa aliruka nje akilia kwamba Majimaji imerudi. Sanduku la sare nyeupe za maofisa likalowa uji.

Simu ya waya ilifika Dodoma siku ileile. Bwana Shauri, Mdachi aliyeitawala wilaya, aliuliza swali moja sokoni.

"Vilindo hivi ni vya nani?"

"Vina kiuno?" watu wakauliza. "Basi ni vya Mzee Khamisi."

Askari wakapanda Kondoa. Baada ya siku kumi na mbili walirudi na mzee, mikono yake imefungwa kwa kamba.

Msafiri alikuwa stesheni akingoja kibarua, askari mmoja mwenye cheo cha ombasha alipomsimamia mbele.

"Wewe Mrangi?"

"Ndiyo, afande."

"Kirangi unakijua, Kiswahili unakijua?"

"Navijua."

"Basi twende bomani. Mfasiri wetu ana homa. Kuna mzee wa kwenu hataki kusema Kiswahili barazani."

Msafiri aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo. "Mzee gani, afande?"

"Yule mwenye kiuno," ombasha alisema, akacheka mwenyewe.

Neno moja lingetosha. Angesema, "Huyo ni baba wa mke wangu," nao wangemtafuta mfasiri mwingine. Hakulisema. Aliogopa kwamba baada ya neno hilo yangefuata maswali. Akamfuata ombasha.

Mzee Khamisi alikuwa amekaa sakafuni mbele ya meza. Kanzu yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi la njia, lakini kofia ilikuwa safi. Kwa desturi ya nyumba yao, mwanamume hamtazami baba wa mkewe usoni. Husimama kando, macho chini. Siku hiyo Msafiri aliishukuru desturi hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu kwa Kirangi. "Naona wamekupa kazi."



Bwana Shauri alimwita shahidi wa kwanza. Alikuwa Zaitun, mpika vitumbua wa sokoni, mwanamke mnene asiyemwogopa mtu.

"Wewe unajuaje kilindo ni cha nani?"

"Kwa mikono, bwana. Macho yangu niliyaacha kwenye moshi wa vitumbua."

"Mfungeni macho tuone."

Ombasha alimfunga kitambaa. Vilindo vitano vilipangwa mezani. Vitatu vilinyooka. Viwili vilikuwa na kiuno: kimoja cha zamani kutoka nyumbani kwa Zaitun mwenyewe, kingine kutoka dukani kwa Mustapha.

Zaitun alianza kupapasa.

"Huyu simjui. Huyu simjui. Huyu katoka Singida. Wale wanabana gome kama wanafunga mbuzi." Watu wakacheka. Akashika cha nne. "Huyu ni Khamisi." Akashika cha tano, akakaa nacho kwa muda. "Na huyu pia ni Khamisi. Ila Khamisi mwenye homa."

Baraza zima liliangua kicheko. Hata Akida Hasani, aliyekaa kando ya meza kama mtu aliyemeza fimbo, alificha mdomo kwa mkono. Msafiri alitazama vidole vya miguu yake.

Kisha akaja Mustapha. Aliapa kwamba vilindo vyote alivinunua kwa msafara wa Mzee Khamisi.

"Hukufungua kutazama?" Bwana Shauri aliuliza.

"Nifungue kwa nini, bwana? Kilindo chenye kiuno hakifunguliwi sokoni. Ni kumtukana mwenyewe. Mimi nilinunua kiuno, kama wenzangu wote."

Bwana Shauri alikubali kwa kichwa. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha boma.

"Kwetu Ulaya, chupa ya mtu ina umbo lake. Bati lake lina umbo lake. Vitu hivyo huandikwa katika daftari la serikali, na anayeviiga huadhibiwa. Lakini mwenye umbo naye hubanwa nalo. Mali mbaya ikitoka ndani ya umbo lake, ataulizwa yeye. Mfasiri, mpe mzee hicho cha Mustapha. Mwulize: ni chake au si chake?"

Msafiri alikichukua kilindo alichokishona yeye mwenyewe, akakiweka katika mikono ya mkwe wake. Akauliza.

Mzee Khamisi alikigeuza juu chini. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, polepole, mpaka kidole kikasimama.

Msafiri alipajua mahali hapo. Ndipo mshono ulipoanzia, na ulianzia juu. Siku zake za kwanza za ukwe mzee alimkalisha uani akamfundisha kushona, akamrudia mara nyingi: anzia chini, ukianzia juu gome litavuta. Msafiri hakuwahi kuizoea njia ya mzee. Mkono wake ulianzia juu siku zote.

Mzee aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu Msafiri aoe, wawili hao wakatazamana.

"Waambie ni changu," mzee alisema kwa Kirangi.

Hakuna aliyeelewa ila Msafiri.

"Anasema nini?" Bwana Shauri aliuliza.

Hapa ndipo alipotuomba tusipunguze.

Alivuta pumzi moja. Katika pumzi hiyo aliwaza viboko. Aliwaza nyumba yake yenye nusu ya paa. Aliwaza kwamba mzee lazima ana shauri lake; wazee hawasemi neno bure. Aliwaza kwamba mtu wa umri ule hawatampiga sana. Pumzi ikaisha.

"Anasema ni chake, bwana."

Hakukwama. Sauti haikutetemeka. Hakuna siku aliyosema Kiswahili kilichonyooka kama siku ile.

Mzee Khamisi aliinamisha kichwa.

Lakini Bwana Shauri hakuandika. Alivitazama vilindo viwili mezani, kisha akamtazama Zaitun.

"Mwambie atengeneze kingine. Hapa, mbele yetu. Kama ni chake, mikono yake itasema."

Yaliletwa magome mabichi, kamba, ukano wa kushonea na sindano ya mfupa. Bwana Shauri aliendelea na kesi nyingine, ya mbuzi na ya kisima. Mzee alifanya kazi sakafuni. Hakuwa na kalibu. Alilipinda gome juu ya goti, akaishika kamba kwa meno, akabana katikati kidogokidogo kama anayemfunga punda tandiko. Alianza mshono chini.

Msafiri alitazama. Mzee angeweza kuharibu. Angeanzia juu mara moja tu, na uwongo wake ungesimama. Hakuanzia juu. Adhuhuri ilipofika, kilindo kilikuwa tayari, kizuri kama vyote alivyowahi kutengeneza.

Bwana Shauri alikiweka kando ya kile cha Mustapha. Hata mtoto angeona.

"Hivi havikutoka mkono mmoja."

Mustapha alisimama kabla ya kuitwa.

"Basi huenda aliyetengeneza ni mwingine, bwana, naye pia hana kosa! Umbo si mali ya mtu. Gome ni gome. Kiuno ni mahali pa kupitishia kamba ya kubebea, basi. Bwana atawakataza watu kutia jembe mpini kwa sababu fulani alitia mpini kwanza?"

Yalikuwa maneno ya akili. Akida Hasani alitikisa kichwa kukubali. Bwana Shauri naye alifikiri, akaigonga kalamu mezani.

"Mfasiri, mwulize mzee. Kiuno ni cha kamba?"

Mzee Khamisi alijibu bila haraka, na Msafiri akafasiri.

"Anasema kamba haikihitaji. Babu yake alibeba asali miaka yote katika vilindo vilivyonyooka, kamba akaipitisha chini. Anasema kiuno kinamharibia kazi. Kinachukua nusu siku zaidi, na kinapunguza nafasi ya asali. Alikibana ili mtu asiyemwona wala asiyemjua ajue kwamba asali hiyo ni yake. Anasema hakina kazi nyingine."

"Kama hakina kazi nyingine," Bwana Shauri alisema, "basi ni jina. Na jina lina mwenyewe. Aliyeiga kiuno hiki ameiba jina la mzee huyu. Keti, Mustapha."

Mustapha akaketi.

Kwa kitambo kifupi Msafiri aliona mlango wa kutokea. Mzee alikuwa ameshinda. Hakuna aliyetajwa. Watu wangetawanyika, yeye angerudi stesheni, na kesho angeanza maisha mengine.

"Lakini," Bwana Shauri aliendelea, "mzee huyu amenidanganya barazani. Alisema ni chake, na si chake. Kuna mtu anamficha. Amtaje, au apigwe hamsa ishirini."

Ndivyo watu walivyoviita viboko ishirini na vitano vya serikali ile. Msafiri alifasiri. Alisikia sauti yake kwa mbali, kama ya mtu anayenunua chumvi.

Mzee Khamisi alivua kofia yake, akaikunja, akaitia ndani ya kilindo kipya, akakifunika. Kisha akaliendea benchi mwenyewe, akalala kifudifudi, kabla askari hajamgusa.

Kiboko cha kwanza kilishuka.

Msafiri alifungua mdomo, akaufunga.

Cha pili kikashuka. Zaitun alipiga kelele, "Jamani, mzee wa watu!"

Msafiri amekubali hili liandikwe. Alisema baada ya cha tatu.

"Bwana, basi! Ni mimi!"

"Wewe ni nini?"

"Mimi ndiye niliyetengeneza. Vilindo arobaini. Kalibu iko Nzuguni, nimeifukia chini ya kihenge cha uwele. Mustapha alivichukua vyote, na uji alijua. Mzee huyu hana kosa. Ni baba wa mke wangu."

Ombasha aliyekuwa akipiga alibaki na mkono juu. Akida Hasani alisema, "Lahaula!"

"Simjui mtu huyu!" Mustapha alilia. "Bwana, sijamwona maisha yangu!"

"Humjui?" Zaitun alimgeukia, kitambaa bado kinaning'inia shingoni. "Ijumaa iliyopita si mlikula vitumbua vyangu katika sinia moja? Ukamwambia, kula, kijana, nyumba haiezekwi kwa njaa? Leo humjui!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mshikeni huyo," Bwana Shauri alisema, akimwonyesha Mustapha. "Mwinueni mzee."

Msafiri aliwatangulia askari. Alipiga magoti kando ya benchi, akamshika mzee mkono. Mzee aliuondoa mkono ule, taratibu, kama anayeondoa jani lililomwangukia. Akainuka peke yake. Akasimama mbele ya meza, mgongo umelowa, akasema kwa Kirangi maneno mengi kwa sauti ndogo. Hakumtazama Msafiri. Alikuwa akisema na Bwana Shauri.

"Anasema nini?"

Msafiri alitazama huku na huku chumbani. Hakuwamo Mrangi mwingine.

"Ulifasiri uwongo vizuri," Bwana Shauri alisema. "Fasiri na hili."

"Anasema alijua tangu alipougusa mshono. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona."

"Endelea."

"Anasema aliposema ni chake, alitaka kuona kama nitafasiri."

Kalamu ya Bwana Shauri ilisimama.

"Anasema uji angeusamehe, kwa sababu nilikuwa na shida. Kiuno pia angekisamehe, kwa sababu nilikuwa wa nyumbani, na mtoto wa nyumbani hugusa vitu vya nyumbani. Anasema alinipa nafasi tatu. Ya kwanza ni aliponiambia niseme ni chake. Ya pili ni alipokuwa akishona, nusu siku nzima, nami nimesimama. Ya tatu ni benchini, naye alihesabu." Hapo sauti ilimkatika. Akaitafuta, akaipata. "Anasema asali yake itaendelea kuwa na kiuno. Ila mimi si mkwe wake tena. Anamtaka binti yake."

Huko nje punda alilia. Watu wa baraza walitazama chini, kila mmoja kama kwamba yeye ndiye mkwe.

Bwana Shauri alifunga daftari.

"Kesi ya vilindo nitaihukumu jioni. Mambo ya ndoa si yangu, ni ya kadhi. Huyo binti yuko Kondoa?"

Msafiri alilishika swali hilo kama mtu anayeshika kamba kisimani. Kondoa ni mbali. Siku sita kwa miguu, sita za kurudi. Katika siku hizo mtu angeweza kutafuta maneno. Angemtuma mtu mbele. Angemweleza Mwajabu kwanza yeye, kabla ya mwingine yeyote, kwa namna ambayo angeweza kusikilizika.

Akamwuliza mzee. Mzee alijibu kwa maneno machache, akaelekeza kidevu dirishani.

"Anasema nini?"

Msafiri aligeuka.

Dirisha la boma halikuwa na kioo. Chini yake, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mwanamke alikuwa amekaa juu ya kifurushi cha safari. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu lilelile la kanzu ya mzee.

"Anasema yuko hapa, bwana," Msafiri alijibu. "Alimfuata tangu Kondoa, akimbebea chakula. Anasema amekaa hapo tangu asubuhi."

Tangu asubuhi. Tangu Zaitun hajafungwa macho. Na Kiswahili Mwajabu alikijua. Msafiri ndiye aliyemfundisha, jioni baada ya jioni, mwaka wao wa kwanza. Maneno ya baba yake alikuwa ameyasikia kwa Kirangi, na maneno ya mumewe alikuwa ameyasikia kwa Kiswahili, bila kupitwa na lolote.

"Mwiteni," Bwana Shauri alisema.

Hapakuwa na haja. Mwajabu alikuwa ameshafika mlangoni, amejifunga kaniki yake kiunoni kwa nguvu. Hakumtazama baba yake, wala hakumtazama mumewe.

Msafiri, kwa mazoea ya siku nzima, alipiga hatua moja kuja kusimama kando yake ili afasiri.

Mwajabu aliinua mkono kumzuia.

"Bwana," alisema kwa Kiswahili, "mimi sihitaji mfasiri."